Kisiba, Muulize Huyu

Suma, Rungwe
Mwezi wa Desemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na Mama pia, mwambie nampigia magoti kutoka huku kwenye baridi. Sisi tu wazima wote: mimi, baba Tumpe, na Tumpe mwenyewe ambaye ameota meno mapya ya mbele na ana maswali mengi kuliko mwalimu wake. Ninyi je? Goti lako limetulia, au bado linakuamsha alfajiri? Na kifua cha Mama? Tafadhali usinijibu “hatujambo” tu kama mara iliyopita. Uliandika kurasa mbili za habari za ng’ombe na nusu mstari wa habari za Mama, nikajua ni wewe kweli uliyeandika.

Barua hiyo aliniletea dereva wa lori la mpunga, nami nimeisoma mpaka mikunjo yake imechanika. Nimeelewa. Ziwa letu la Rukwa limerudi nyuma tena, matope yamepasuka hadi kule tulikokuwa tunaogelea utotoni, na mifugo ya watu wengine imejaa mbugani mpaka ng’ombe wetu wanasukumwa kwenye magadi. Nimeelewa pia kwamba kaka Deusi amechoka, kwamba yuko tayari kuhama na mkewe na wanyama, na anangoja neno langu tu. Umeniuliza mambo mawili. Je, ni kweli hilo ziwa la huku haliondoki? Na lile shamba aliloahidi mume wangu bado lipo? Nitakujibu yote mawili, Baba, lakini niruhusu nianzie mbali kidogo, maana majibu yenyewe yamenitoka kwa shida.

Hapa petu ukitoka mlangoni, ukapita migomba ya jirani, ukapanda kilima kisicho kirefu, ardhi inakatika ghafla. Unajikuta umesimama ukingoni mwa shimo kubwa la mviringo, kuta zake ni mawe na miti iliyoning’inia, na chini kabisa kuna maji. Wenyeji huliita kisiba, basi, yaani ziwa kwa lugha yao. Hakuna mto unaoingia humo. Hakuna upepo unaofika. Siku ya kwanza mume wangu Lusajo aliponipeleka kuliona nilikaa chini, na si kwa uchovu. Wewe unalijua ziwa letu, Baba, ni pana mpaka macho yanachoka, lakini mtoto anaweza kutembea ndani yake mpaka mama yake aanze kumwita na bado maji yakawa magotini. Hili la huku ukisimama kwenye jiwe la ukingoni ukainama, mbele ya vidole vya miguu huoni chini. Unaona weusi unaoshuka. Nilitupa kokoto nikalitazama likizama, likawa jeupe, likawa kijani, likatoweka.

Mimi niliyezaliwa kwenye ziwa linalohamahama nikajiambia: hili limekaa. Na mvua ya huku ni ya kukufuru, inanyesha mpaka viatu vinaota ukungu chini ya kitanda. Nani angefikiri kwamba maji yanaweza kupungua mahali kama hapa? Ndiyo maana nilipowaandikia zamani niliwasifia, na nilisifia nilichokiona.

Sasa inabidi nikueleze habari za baba mkwe wangu, maana bila yeye hutaelewa lolote. Uliwahi kuniuliza mzazi mwenzio ni mtu wa namna gani, nami sikukujibu, ukaudhika. Sikukujibu kwa sababu sijawahi kumwona usoni. Usishtuke. Kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani; ndiyo heshima yao. Jina lake silitamki, na hata humu hutalikuta. Tukikutana njiani mimi naingia migombani, najifunika kanga kichwani, nageuka, nangoja apite. Mjini Tukuyu wengi wamelegeza, na kanisani tunakaa wote chini ya bati moja, wao upande wao na sisi upande wetu. Lakini mzee wetu ni wa kale, tena mbishi, na hapindi hata kidogo.

Basi tumeishi hivyo tangu niolewe. Mimi namjua kwa kikohozi. Akiwa njiani anakohoa kutoka mbali ili nipate muda wa kujificha, na kikohozi chake kina maana zake: kuna cha “napita”, kuna cha “nina haraka”, na kuna cha “mwanamke, nimeshakuona kanga, ingia ndani zaidi”. Mwanzoni nilikuwa nacheka mpaka machozi huko migombani. Tumpe alipozaliwa nilisikia kikohozi nje ya mlango, nikangoja, nilipofungua nikakuta mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu. Nikampenda tangu siku hiyo, mtu ambaye sijui hata kama ana ndevu.

Haya, sasa maji. Upande mmoja wa kisiba ukingo uko chini kuliko pengine pote. Wanauita mdomo. Zamani, mvua za masika zikizidi, maji yalikuwa yanadondoka hapo kidogo kidogo na kupotelea kwenye majani. Halafu biashara ikafunguliwa. Unajua mwenyewe mambo yalivyobadilika, hata kwenu. Siku hizi anayetaka kununua ananunua, anayetaka kuuza anauza. Magari ya Dar es Salaam yakaanza kufika mpaka huku kutafuta kabichi na nyanya, na bei nzuri ni ya kiangazi, wakati kwingine kumekauka. Lusajo na vijana wa rika lake wakashika majembe, wakaukata ule mdomo, wakachimba mfereji mpaka kwenye bustani bondeni. Maji yakashuka yenyewe, bila mashine, bila jasho. Kijiji kizima kilipiga vigelegele, na mimi nilipiga.

Kiangazi kilichofuata maji hayakufika mdomoni, wakachimba kwenda chini kidogo. Kilichofuata wakachimba tena. Huku juu nako watu walikuwa wanafyeka miti ya ukingoni ili wapate kuni na mahali pa kupanda milingoti, yaani mikaratusi, maana nayo ina soko. Hakuna aliyekuwa mbaya, Baba. Kila mtu alikuwa na mtoto shuleni na bati la kununua. Lakini mfereji ulikuwa umefika urefu wa mtu mzima, na ukisimama juu ukitazama chini, uliona mkanda mweupe wa mawe umezunguka ziwa lote, mawe ambayo hayakuwahi kuona jua. Nilikuwa nikiutazama mkanda ule kila nilipopita. Huku hakuna aliyewahi kuona ziwa likirudi nyuma. Mimi nimeona.

Kisha chemchemi ikakauka, ile ya chini ya kilima tunakochota sisi wanawake. Ilikuwa inatoka tumboni mwa kisiba kumbe. Ikawa hatuna budi kuteremka ndani ya shimo, na njia ya kuteremka ni moja tu, nyembamba, mwamba huku na korongo huku, bila mgomba hata mmoja wa kujifichia. Njia hiyo ndiyo ya wazee wanaopeleka ng’ombe kunywa. Fikiria vurugu! Wakamwana tumepanga ndoo juu ukingoni, tumejifunika, tunangoja wazee wapande. Wazee wako chini wanakohoa kwa zamu, hawathubutu kupanda kwa sababu sisi tuko juu. Siku nyingine chakula cha mchana kilipikwa jioni.

Mwezi wa Oktoba, siku moja, nilikuta njia kimya. Nikasikiliza, hakuna kikohozi. Nikateremka peke yangu na ndoo. Maji yalikuwa yameshuka tena, na mahali pa kuchotea pakawa pametokeza ubapa wa mwamba ambao sikuwahi kuuona. Nilipokanyaga hapo nikaona mawe matatu. Nikayatazama. Baba, yalikuwa mafiga. Mafiga ya jikoni, yamepangwa vizuri, meusi kwa ndani, na pembeni yake jiwe la kusagia lililolika katikati. Mtu alipika pale. Alikaa pale na watoto wake wakati maji yalikuwa chini zaidi, na kisha maji yakapanda juu yake, juu ya jiko lake, yakapanda na kupanda mpaka kila mtu akasahau, hata wazee wa wazee wa hapa. Niliweka ndoo chini. Nilishika figa moja, lilikuwa baridi kama kitu kilicholala. Niliogopa, lakini si woga wa kukimbia; ni ule wa kanisani wakati watu wote wamenyamaza.

Ndipo kikohozi kikasikika nyuma yangu, karibu kabisa. Mzee naye hakujua kama nipo.

Mbele yangu maji, kulia mwamba, kushoto mwamba, na yeye kwenye njia. Nikajifunika kanga, nikabandika uso kwenye jiwe kama mjusi. Nilingoja asikie aibu arudi. Hakurudi. Nilisikia fimbo yake ikilazwa chini, nikasikia mtu akikaa, na sauti ilipotoka nikajua amenipa mgongo, kwa sababu ilikuwa inaelekea kwenye maji.

“Kisiba,” alisema, “muulise huyu aliyetoka kwenye siwa kubwa. Huko kwao, siwa likiondoka, huludi?”

Wazee wa huku ndivyo wanavyokitamka Kiswahili. Lakini sikucheka, Baba. Mtu mzima, mbishi, aliyenikoholea miaka yote hiyo, alikuwa anauliza kama mtoto aliyeona mama yake anaugua. Naye hakuniuliza mimi. Aliuliza ziwa. Sheria yao hakuivunja.

Nikajibu vivyo hivyo, uso kwenye jiwe. “Kisiba, mwambie mzee kwamba la kwetu hurudi. Ni pana na lina mito, na hakuna aliyelikata. Likienda watu hulifuata na majembe, likirudi hula mashamba yao. Baba yangu alinionyesha visiki vya boma la babu ndani ya maji.”

Kisha: “Kisiba, mwambie nimesikia. Muulise sasa, wewe utaludi?”

“Kisiba, mwambie mzee hata mvua inyeshe vipi, maji yakifika kwenye mfereji yatatoka. Chungu kilichovunjika mdomo hakijai.”

Ndege mmoja mweusi alipita juu ya maji, na kivuli chake kikapita juu ya maji vilevile. Nilidhani mzee amesinzia. Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo.

“Kisiba, muulise tena. Lile shamba ambalo mwanangu anataka kumpa kaka yake huyu liko chini ya mfeleji. Halina maji mpaka vijana wakukate tena. Je, anataka ukatwe?”

Baba, shamba lile ni la Deusi. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Lipo, ni zuri, lina udongo mweusi, na mwezi huohuo Lusajo alikuwa amenoa majembe ili wauteremshe mfereji kwa ajili ya kaka yangu. Hujui nilivyokuwa nikiomba ndugu yangu aje. Huku nina mume, nina mtoto, nina majirani wema, lakini sina mtu hata mmoja aliyenijua nikiwa mdogo. Nililia palepale na kanga mdomoni ili mzee asisikie. Nafikiri alisikia, maana alikohoa kikohozi ambacho sikuwahi kukisikia, cha taratibu.

Nikasema, “Kisiba, mwambie mzee hapana.”

“Ndaga fijo,” akasema, yaani asante sana, na akapanda zake njia bila kugeuka.

Nyumbani kuliwaka moto. Nilimweleza Lusajo, akafoka. “Kabichi ziko shambani hazijafunga, unataka tuziambie zingoje masika? Na kaka yako je? Unamfukuza kabla hajafika!” Nikamwambia aende akaone mafiga. Akasema mafiga hayauzwi. Tukalala tumepeana migongo.

Asubuhi yake habari ilinifikia kule mbali mtoni tulikohamishia kufua: mzee yuko mferejini peke yake, anapanga mawe. Niliacha nguo. Nilipofika nilimwona kwa chini tu, miguu yake na ncha ya fimbo, kwa sababu nilijifunika haraka. Alikuwa ameingia kwenye mfereji upande wa bondeni, anaweka mianzi na mawe. Alinijua kwa mlio wa ndoo yangu, naamini, maana alikohoa, kisha akaendelea. Hakutoka. Basi nikaenda upande wa pili, upande wa ziwa, nikaanza kujaza udongo wa mfinyanzi. Yeye huku kanipa mgongo, mimi kule nimempa mgongo, tunaziba tundu moja.

Watu wakajaa. Wengine walicheka, wanawake wazima walijishika midomo: mkamwana na baba mkwe wanafanya kazi mahali pamoja! Vijana wa mfereji walikuja na hasira zao, lakini nani angemshika mzee mkono? Na mimi nani angenisogelea? Mtu aliyekuwa na aibu kuliko wote alikuwa Lusajo, baba yake huku, mke wake kule, na kijiji kizima kinamtazama yeye. Alisimama juu, mikono nyuma, amenuna. Ghafla akavua viatu, akaruka ndani, akasimama katikati yetu. Nikawa nampa udongo yeye, yeye anampa baba yake. Tulifanya hivyo mpaka jua lilipokuwa kichwani. Ndipo akapiga kelele juu, “Mnatazama sinema? Leteni mawe!”

Wakaleta. Si wote, lakini wakaleta. Wakamwana walikaa upande wangu na wazee upande wa pili, kila mwenye mume au mwana akamsimamisha katikati. Ukuta ukapanda. Siku iliyofuata ulifika kiunoni, kisha kifuani. Jioni moja nilipoinuka kufuta jasho niligundua kwamba sijajifunika. Kanga ilikuwa imeanguka begani tangu muda mrefu na hakuna aliyenikoholea, kwa sababu ukuta ulikuwa umenipita kichwa. Mzee alikuwa nyuma yake tu, nasikia akihema, na hatukuwa na haja ya kujificha tena.

Baba, hivyo ndivyo ilivyo. Baba Tumpe bado ana kisirani na kabichi zake zimedumaa. Kuna vijana wanaosema mwakani wataubomoa, nami siwezi kukuahidi kwamba hawatathubutu. Lakini mvua zimeanza, na kila nikiteremka kuchota maji naangalia mafiga. Leo asubuhi nimeliona moja tu, ncha yake, na maji yanaligusa. Jiwe la kusagia halionekani. Nilisimama pale ndoo ikajaa maji ya mvua yenyewe. Sijui nikuelezeje, nilijiona mdogo sana na nikafurahi sana.

Mwambie kaka asije. Mwambie taratibu, ukiwa umekaa naye, na umwambie ni mimi niliyesema hapana, si Lusajo. Asiwachukie watu wa huku. Kama anataka kuja peke yake bila ng’ombe, aje tu, aone maji haya, nitampikia ndizi mpaka aombe ugali. Na huko, ikiwezekana, msilifuate ziwa na majembe. Liachieni njia yake wazi. Likirudi niandikie limefika wapi, kama ni kwenye mgunga wa shangazi au limeuvuka.

Msalimie Mama, mpe kile kitenge kilicho ndani ya mfuko wa chai. Chai ni yako. Msalimie shangazi mwenye mgunga na mjomba mfua vyuma, na wifi yangu mke wa Deusi, ambaye najua atanilaumu kuliko wote. Mwambie nampenda.

Salamu moja imebaki. Jana nilikuwa upande wangu wa ukuta nakandika ufa, nikasikia kikohozi upande wa pili, na sauti ikisema na maji: “Kisiba, huyu ana baba yake mbali. Mwambie amsalimie. Mwambie namwomba samahani ya shamba la mwanawe.”

Mimi mwanao,
Yustina